Mtoto Aliyeshika Mikoba



Wenzetu wanaoshona wanajua: hapa Unguja fundi wa nguo ana mlango mdogo sana wa kupumulia. Januari yote ni sare za skuli. Mzazi anakuja Ijumaa usiku na kitambaa mkononi, anataka sketi mbili na mashati mawili Jumatatu alfajiri. Ramadhani ikiingia, vitambaa vya Sikukuu vinajaa mpaka chini ya meza ya kukatia. Mwaka ule Ramadhani iliangukia mwezi wa tatu, kwa hiyo tukapata wiki chache za Februari ambazo cherehani zilinyamaza. Ndani ya wiki hizo ndipo tulipotimiza ahadi tuliyowapa watoto tokea Idi Kubwa: kuwavusha bahari mpaka Dar es Salaam, tukawapeleke kwenye bustani ya michezo ya maji.

Februari yetu mnaijua. Kaskazi imetanda, shuka zinalowa usiku, feni inapuliza moto. Watoto walikuwa wameshaisahau hamu ya bembea na vigari vya Kariakoo yetu ya Mjini. Wao walitaka ile mitelezo mirefu waliyoiona kwenye simu, mtu anaachiwa juu na maji yanamtupa bwawani. Kwa hiyo kila sare iliyotoka dukani, kitu kidogo kiliingia kwenye kibubu. Siku tulipokivunja sebuleni, hata bibi yao alisogea kuhesabu.

Tulikuwa watu sita: wazazi wawili, bibi mzaa baba, binti yetu mkubwa wa miaka 13, na kaka zake wawili, mmoja wa miaka 9 na mwengine wa 6.

Hadithi yenyewe ni ya huyo binti. Tumemuomba ruhusa kabla ya kuiandika. Alisema, "Andikeni, lakini msiandike jina." Basi hatuandiki.

Vazi la usiku mmoja

Binti yetu alivunja ungo mwaka mmoja kabla ya safari. Mtoto tuliyezoea kumuona akiruka bahari ya Forodhani pamoja na wenzake akawa ni mtu wa kukaa ukutani. Hakuna aliyemwambia asiruke. Wala hakuna aliyemwambia atafanyaje akitaka kuendelea kuruka.

Siku tano kabla ya safari alikuja dukani akauliza, "Mama, mimi huko nitavaa nini?"

Tulimjibu kwa mkato, "Tutakushonea."

Lakini mafundi mnajua nguo ya mwenye duka huwa ya mwisho. Tulikumbuka usiku wa kuamkia safari. Tukaangalia kilichobaki kwenye rafu: teteroni nyeusi ya kushonea sare, nzito, haikunjiki. Tukakata gauni refu la mikono mirefu, mikono tukaitia lastiki. Chini suruali pana. Juu ushungi wa tabaka mbili ili usioneshe ukilowa. Ndani tukamwambia avae na fulana, kwa tahadhari. Saa saba usiku tukapiga pasi tukajipongeza. Hakuna hata kidole kilichoonekana bila ya sababu.

Tukiulizana leo kwa uaminifu, nia yetu ilikuwa nini usiku ule, jibu lina sehemu mbili. Sehemu moja ilikuwa stara, na hiyo hatuioni haya. Sehemu ya pili ilikuwa lile kundi la WhatsApp la ukoo. Tulijua picha zitapigwa, na tulijua nani atazikuza kwa vidole viwili kuangalia shingo ya mtoto wetu imefunikwa au haikufunikwa. Tulishona kwa ajili ya vidole hivyo. Yeye mvaaji hatukumpima hata joto.

Asubuhi ya furaha

Tulivuka Ijumaa jioni, tukalala Magomeni kwa shangazi yao. Asubuhi tukakodi gari, bibi mbele, wengine tumebanana nyuma na kapu la chakula: katlesi, chapati, mayai ya kuchemsha, na chupa mbili za juisi ya ukwaju. Njia ya Bagamoyo ilikuwa na foleni. Watoto wa kiume waliimba njia nzima. Dada yao alikuwa ameshavaa lile vazi tokea Magomeni, na juu yake buibui, ili asihangaike kubadilisha huko mbele.

Tulipofika saa nne kasoro, jua lilikuwa limeshachachamaa. Ndani palikuwa pazuri, hatusemi uongo. Mitelezo ya rangi, bwawa la watoto wadogo, miavuli ya makuti, muziki, harufu ya chipsi. Wale wavulana wawili walipoteza akili.

Kwenye ngazi za mtelezo wa kwanza kijana mlinzi wa maji alimsimamisha binti yetu. Alizungumza kwa adabu. Alisema nguo pana isiyokuwa ya kuogelea haipandi kule juu, kwa sababu inaweza kunasa au kumfunika mtu uso akiwa kwenye kasi. Alimshauri avae vazi la kuogelea la kubana, hata kama ni refu la kufunika mwili wote. Sisi tulikuwa hatuna.

Binti yetu hakubishana. Alishuka zile ngazi, akarudi kwenye benchi letu, akasema, "Si neno mama, nipeni mikoba nishike."

Tukampa. Hilo ndilo lililotuchoma baadaye. Tulimpa mikoba sita, simu mbili, na viatu vya watu wote, tukamwambia ahsante mwanangu, tukaenda kupiga picha.

Saa sita na nusu

Mtoto wa kike mtulivu tunamsifu sana kwetu. Asiyelalamika tunasema ana adabu, amelelewa. Kwa hiyo saa mbili na nusu nzima hakuna aliyejiuliza kwa nini mtoto wetu kimya. Mwavuli wa makuti ulikuwa unamkinga mwanzo, kisha jua likasogea na yeye hakusogea, kwa sababu mikoba ilikuwa mingi.

Jambo jengine tulikuja kulijua baadaye kutoka kinywani mwake. Alikuwa hanywi maji. Alikataa kwa makusudi. Kwenda chooni na gauni, suruali, fulana, ushungi wa pini nane na buibui ni kazi ya robo saa, na sakafu ya choo ilikuwa imelowa. Akaona bora asinywe kitu. Mama zetu, tulipolisikia hili tulikumbuka kwamba na sisi tumefanya hivyo mara nyingi, harusini, safarini, sokoni. Ni ujanja wa wanawake wa tokea zamani, na hakuna aliyewahi kutuambia kuwa ni hatari.

Ilipofika Adhuhuri tulitandika mkeka kivulini nyuma ya miti. Binti yetu alisimama pembeni ya bibi yake. Katika rakaa ya pili alipotoka kwenye sijda hakuweza kuinuka. Akakaa. Akasema kichwa kinamgonga. Kisha akatapika pale pale pembeni ya mkeka, na uso wake ulikuwa umepauka kama unga wa muhogo huku jasho linamtiririka.

Sasa tutaandika kitu tunachokionea haya kuliko vyote. Kabla ya kumgusa mtoto, tulitazama kulia na kushoto. Tulitaka kujua nani anatuona. Mkono ulikwenda kwenye ushungi wake, ukaenda kuurudisha mbele ulipokuwa umeteleza.

Bibi yake ndiye aliyetushtua. Ni mtu wa zamani, buibui halijawahi kumtoka kichwani mbele ya watu. Alisema kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia, "Mfungueni mtoto! Wacheni kutazama watu!"

Kisha akafungua kanga yake ya kiunoni, akaitandaza hewani kwa mikono miwili. Dada mmoja tusiyemjua aliyekuwa akila na watoto wake aliona, akainuka, akashika pindo la upande wa pili. Akaja mwengine na taulo. Akaja wa tatu na mtandio wake. Katika dakika moja kulikuwa na ukuta wa wanawake umemzunguka mtoto wetu, migongo kwake, nyuso nje, na ndani ya ukuta ule tulimvua buibui, ushungi na gauni, akabaki na fulana na suruali.

Mmoja wao alikuwa muuguzi. Alituelekeza mambo machache bila ya kupiga kelele. Mlazeni, inueni miguu kidogo. Lowesheni kanga kwa maji ya baridi, muwekeeni shingoni na kwapani, mmoja ampepee. Maji anywe kidogo kidogo, asigide. Alikuwa na pakiti ya chumvichumvi ya kuharisha kwenye mkoba wake wa watoto, tukaikoroga kwenye chupa ya maji. Alimuuliza mtoto jina lake, yuko wapi, leo siku gani. Mtoto alijibu sawa. "Hapo sawa," alisema. "Angechanganyikiwa tungekuwa njiani kwenda hospitali sasa hivi."

Baada ya nusu saa rangi ilirudi. Baada ya saa moja alikaa, akaomba chapati.

Wale dada hatujui hata majina yao. Walikunja mitandio yao wakarudi kwa watoto wao. Mungu awalipe, na awafunike wao na watoto wao duniani na akhera.

Tulichojifunza kuhusu joto

Tulivyorudi tuliuliza, tukasoma, tukaelewa kilichotokea. Tunawaandikia kwa ufupi kwa sababu joto hili linakuja kila mwaka.

Mwili unajipoza kwa jasho, lakini jasho halipozi kwa kutoka tu. Linapoza pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho linakauka kwa shida hata kwa mtu aliyevaa kanga moja. Sisi mafundi tunajua la zaidi: teteroni hainywi jasho kama pamba. Ukivaa tabaka tatu za teteroni nzito, nyeusi, juani, jasho linabaki ndani na joto linabaki nalo. Ukiongeza kutokunywa maji, mwili unaishiwa hata hilo jasho la kutoa.

Dalili za mwanzo ni kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, ulegevu, jasho jingi, misuli kukaza. Hapo mtoe juani, mpunguzie nguo, mloweshe, mpepee, mnyweshe taratibu. Kama hana chumvichumvi ya pakiti, nyumbani tunakoroga lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha si vya kujaza mlima. Lakini akianza kuropoka, akizimia, akishikwa na degedege, au mwili ukiwaka moto na hapati nafuu, hiyo si ya kukorogea sukari. Hapo msimpe kitu mdomoni, mwacheni alale ubavu, muendelee kumlowesha huku mnampeleka hospitali mbio.

Na watoto wetu wa kike tuwaulize kwa maneno: "Umekunywa maji? Umekwenda choo?" Tusingoje waseme.

Tulichojifunza kuhusu stara

Jioni ile jua lilipolegea, binti yetu na bibi yake walikaa ukingoni mwa bwawa la watoto wadogo, miguu ndani ya maji, hawasemi kitu. Sisi tuliwatazama kwa mbali. Tuliziangalia na zile picha kwenye simu. Zilikuwa 64. Yeye alikuwemo kwenye tatu, zote pembeni, na mikoba.

Kwenye boti ya kurudi siku ya pili alikaa dirishani. Tulipokaribia Chumbe, bibi yake alinyamaza akaanza kusoma dua kama afanyavyo kila safari tokea Julai 2012, meli ya Skagit ilipozama maeneo yale ikitokea Dar. Ulikuwa hata mwaka haujafika tokea Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba. Hakuna nyumba ya visiwa hivi isiyojua mtu aliyepotea katika zile mbili.

Binti yetu akauliza, "Bibi, wewe unajua kuogelea?"

"Sijui mwanangu."

"Mama?"

Na sisi hatujui. Tumezaliwa kisiwani, tunasikia bahari tukiwa kitandani, na hatujui.

Akasema polepole, "Mimi sikutaka kukaa na mikoba. Nilitaka kuteleza. Lakini niliona mmefurahi."

Tulilia dada zetu. Tulilia kimyakimya mpaka Malindi.

Tulipofika nyumbani tulimwita chumbani. "Abee mama," akaja akasimama mlangoni. Tukamkalisha, tukamuomba radhi. Kwetu mzazi kumuomba radhi mtoto si jambo la mazoea. Ulimi ulikuwa mzito. Tulimwambia: hukufanya kosa lolote, sisi ndio tuliokosea, tulikushonea nguo ya watu wengine. Yeye alicheka kwa haya, akasema yameisha. Yeye alisamehe haraka kuliko sisi tulivyojisamehe.

Dini yetu tunaipenda na stara tunaipenda. Lakini tulikaa tukajiuliza. Dini hii hii inamruhusu asiyepata maji, au mgonjwa ambaye maji yanamdhuru, atayamamu kwa udongo. Inamruhusu asiyeweza kusimama aswali kakaa, na asiyeweza kukaa aswali kalala. Inamruhusu msafiri na mgonjwa kula mchana wa Ramadhani na kulipa baadaye. Tumefundishwa tokea chuoni kuwa mwili una haki yake juu yetu. Sasa nani alitwambia kuwa mtoto akishindwa kupumua tumrudishe ushungi kwanza? Si dini. Ilikuwa ni hofu yetu ya watu, tumeivalisha buibui tukaiita dini.

Na tuliona kwa macho yetu kitu ambacho hatukifikirii. Kwa miaka yote tumemfundisha binti yetu kwamba stara ni mzigo wake peke yake, aubebe, auvae, autolee jasho. Siku ile stara iliyomwokoa ilikuwa ni ya wanawake wengine. Ni wao waliosimama wakageuza migongo. Angekuwa na nguo kumi mwilini asingestirika kama alivyostirika ndani ya ule ukuta wa kanga.

Wapo watakaouliza kwa nini tulimpeleka binti wa miaka 13 kwenye bwawa la watu mchanganyiko. Ni swali la haki, na sisi tumejiuliza. Sasa tunatafuta wakati na mahali pa wanawake peke yao, na pakikosekana tunakwenda asubuhi mapema pasipo na watu. Kila nyumba iulize wanazuoni wake. Tunachowaomba ni kimoja: msije mkamjibu mtoto "tutakushonea" kisha mkasahau.

Vazi la pili

Tulipojua kosa letu lilikuwa nini, tulirudi kwenye kazi tunayoijua. Tuligundua kwamba wenzetu wameshalifikiria jambo hili siku nyingi. Vazi linaloitwa burkini lilibuniwa mwaka 2004 huko Sydney na Aheda Zanetti, mama wa Australia mwenye asili ya Lebanon, baada ya kumuona mtoto wa ndugu yake akihangaika kucheza netiboli na hijabu. Yaani lilianza kwa mtu mzima kumtazama mtoto akicheza na kuona anataabika. Sisi tulimtazama wetu kupitia simu. Na hapa hapa kwetu, kule Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi kamili ya kufunika mwili.

Kwa wanaoshona, haya ndiyo tuliyojifunza kwa kuharibu vitambaa viwili kabla ya kupatia.

Kitambaa kiwe naylon iliyochanganywa na spandeksi, kile kinachovutika kote kote na kukauka upesi. Pamba inakunywa maji, inakuwa nzito, inamvuta mtu chini. Chagueni rangi iliyokoza ili isioneshe ikilowa, na kabla ya kukata lowesheni kipande, kishikeni kwenye mwanga, mkitazame.

Suruali iwe ya kukaa mwilini, si pana, ifike kifundo cha mguu. Kanzu ya juu ifike katikati ya paja au magotini, iwe na nafasi kidogo kiunoni isichore mwili, lakini isiwe pana ya kujaa hewa. Ndani ya kanzu shoneni vitanzi viwili, na kwenye suruali vifungo viwili laini, ili kanzu isipande juu majini. Kofia ishonwe pamoja na shingo, bila ya pini hata moja. Kila pini mnayoipunguza ni dakika mnayomrudishia mtoto.

Ushoneeni sindano ya kitambaa cha kuvutika na mshono wa zigizaga au ovaloki. Mshono wa kawaida unakatika siku ya kwanza. Na mkimaliza, muulizeni mvaaji achuchumae, anyooshe mikono juu, avue na kuvaa peke yake. Akishindwa kuvua kwa dakika moja, kateni upya.

Rangi alichagua mwenyewe: buluu nzito na mstari wa chungwa ubavuni. Sisi tungechagua nyeusi tupu. Tulikaza midomo tukashona.

Siku ya kwanza alipolivaa tulikwenda pwani baada ya Alfajiri, wanawake watupu: sisi, bibi yake, shoga yetu mmoja anayejua kuogelea na binti zake. Maji yalikuwa yamejaa, yametulia. Binti yetu aliingia mpaka kifuani, akalala chali kama alivyoelekezwa, masikio ndani ya maji, macho mbinguni. Akaelea. Bibi yake pale ufukweni alisema "Mashaallah" mara tatu, kisha akauliza kama na yeye anaweza kushonewa.

Tumemshonea. Ana miaka 67. Bado hajatoa miguu chini, lakini anaingia.

Inshaallah Februari ijayo tutavunja kibubu chengine. Safari hii kila mtu atakuwa na vazi lake, na chupa yake ya maji yenye jina. Tutaondoka mapema, saa sita mpaka saa tisa tutakuwa kivulini tunakula na kupumzika, tutarudi majini jua likilegea. Na tumeshakubaliana sote sita, hata yule wa miaka 6 aliyekuwa anabisha: mikoba itashikwa kwa zamu, na baba yao ndiye wa kwanza.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atupe macho ya kuwaona. Amin.